Kuzuia IL-17 kulishindwa kwenye Crohn, kuzuia IL-23 kunatuliza. Seli zipi za utumbo zinaeleza tofauti hii?

Mchunguzi_Tishu (swali)

Wakuu, salaam.

Naandaa kipindi cha kinga ya utumbo kwa wanafunzi wa udaktari na kuna mahali maelezo ya vitabuni yanagoma. Mchoro unaofundishwa ni huu: bakteria wanapenya ukuta wa utumbo, makrofaji (seli zinazomeza vijidudu) na seli dendritiki (zinazoonyesha vijidudu kwa seli T) zinatoa IL-23, moja ya saitokini, yaani protini za ujumbe kati ya seli za kinga; IL-23 inaziamsha seli T za aina ya Th17, Th17 zinamwaga IL-17, IL-17 inaita nutrofili (seli nyeupe zinazofika haraka kwenye mchochota), nutrofili zinachimba vidonda. Mstari mmoja ulionyooka.

Kama mstari huo ni wa kweli, ukiukata popote mgonjwa angepata nafuu. Lakini secukinumab, inayofunga IL-17A, ilipojaribiwa kwa wagonjwa 59 wa Crohn, mchochota sugu wa utumbo (matokeo yalichapishwa 2012) haikusaidia, na waliopewa dawa walipata madhara zaidi kuliko waliopewa dawa bandia, yakiwemo maambukizi ya fangasi. Brodalumab, inayofunga kipokezi cha IL-17, nayo jaribio lake lilisimamishwa mapema kwa sababu baadhi ya wagonjwa walizidiwa. Wakati huohuo dawa za kufunga IL-23 ziko kliniki na zinafanya kazi.

Naomba msaada kwenye mambo matatu:

1. Seli zipi hasa zinaeleza tofauti ya IL-17 na IL-23?
2. Kwa nini infliximab inafanya kazi kwenye Crohn na etanercept haifanyi, wakati zote zinakamata TNF, saitokini ya mchochota?
3. Seli T dhibiti, zile zinazotuliza kinga. Wanafunzi wanaambiwa mgonjwa anazo pungufu. Mbona kwenye biopsi (vipande vidogo vya tishu) za sehemu yenye mchochota zinahesabika nyingi kuliko kwa mtu mwenye afya?

Tafadhali jibu lisiwe "kinga imechanganyikiwa". Nataka seli gani, imekaa wapi, inatoa nini.

---

Kinga_ya_Utando

Mkuu, kasoro umeshaigusa mwenyewe: ni huo mstari. IL-17 ya utumbo haitoki kwa Th17 peke yake, na si kila mara inasubiri amri ya IL-23.

Anza na ukuta. Utando wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli. Juu yake kuna ute, ambao kwenye utumbo mpana una matabaka mawili: la ndani limeshikamana na karibu halina bakteria, la nje ni legevu na ndimo bakteria wanamoishi. Kati ya seli na seli kuna viungio vya kubana vilivyoshonwa kwa protini kama okludini. Mshono huo ukilegea, vipande vya bakteria vinapita katikati ya seli na kukutana na makrofaji zilizopo chini yake.

Sasa, jirani kabisa na safu hiyo wapo walinzi wa haraka: seli T za gamma-delta. Kwenye majaribio ya panya yaliyochapishwa 2015, utando ulipojeruhiwa seli hizi zilitoa IL-17 bila kuhitaji IL-23, na IL-17 hiyo ndiyo iliyoziagiza seli za ukuta zirudishe okludini mahali pake. Watafiti walipoizuia IL-17, utumbo ulivuja zaidi. Walipoizuia IL-23, chanzo hiki cha IL-17 kiliendelea kufanya kazi na ukuta ukashona.

IL-17 ina kazi nyingine mbili ambazo wanafunzi husahau. Inaziambia seli za ukuta zitengeneze protini za kuua vijidudu, na inaongeza kipokezi kinachobeba IgA, kingamwili ya utando, kutoka chini ya utando hadi ndani ya uwazi wa utumbo. Pia ndiyo ngao yetu kuu dhidi ya fangasi wa kandida kwenye utando. Ukijua hayo, fangasi walioonekana kwenye jaribio la secukinumab hawashangazi hata kidogo.

IL-23 ni habari nyingine kabisa. Th17 iliyozaliwa kwa saitokini TGF-β na IL-6, ikiishi na bakteria wa kawaida, ni seli tulivu: inatoa IL-17 na IL-22, na zote mbili zinautunza ukuta. IL-23 ikiendelea kumiminika juu ya seli hiyohiyo, inabadilika tabia. Inaanza kutoa IFN-γ na GM-CSF. Kwa hiyo mbele ya darasa usiseme "Th17 ni mbaya". Sema Th17 iliyokaa muda mrefu kwenye IL-23 inageuka, na onyesha saitokini zinazoongezeka inapogeuka.

IL-23 inafika pia kwa seli za limfu za asili za kundi la 3, zile ILC3. Utumbo ukiwa mtulivu, ILC3 zinatoa IL-22 ya kukarabati ukuta na GM-CSF kidogo inayozisaidia seli dendritiki kulea seli T dhibiti. Kwenye utumbo wa Crohn wenye mchochota idadi ya ILC3 inashuka na ILC1, zinazotoa IFN-γ, zinapanda. Sehemu ya ILC1 hizo ni ILC3 zilizogeuzwa na IL-12. Tena ni mabadiliko ya tabia. Hakuna jeshi geni lililovamia.

Ushahidi wa jeni unaunga mkono. Mwaka 2006 ilionekana kwamba watu wenye badiliko la Arg381Gln kwenye jeni ya kipokezi cha IL-23 wana hatari ndogo ya Crohn, karibu mara mbili hadi tatu chini ya wengine. Kipokezi chao kinapitisha ujumbe hafifu na ukuta wao uko salama.

Jambo la mwisho kwenye swali la kwanza: ustekinumab inakamata p40, kipande kilichomo kwenye IL-12 na IL-23 zote mbili. Risankizumab inakamata p19, ambayo ni ya IL-23 peke yake. Zilipopambanishwa ana kwa ana kwa wagonjwa wa Crohn ambao dawa za TNF ziliwashinda (matokeo ya 2024), risankizumab ilishinda kwenye utulivu unaoonekana kwa kamera. Ingekuwa IL-12 ndiyo dereva mkuu, matokeo yangeegemea upande wa ustekinumab.

---

Slaidi_na_Darubini

Naongeza kile ambacho wanafunzi wataona kwa macho, maana jina la saitokini halionekani kwenye slaidi.

Waonyeshe kripti moja, kishimo cha utando wa utumbo. Katika utumbo wenye afya ni bomba lililosimama wima, duara safi likikatwa kwa upana, seli za ute zimejaa kama vikombe vyeupe. Kwenye kolaitisi ya vidonda (mchochota sugu wa utumbo mpana) iliyo hai utaona nutrofili zikipenya katikati ya seli za ukuta wa kripti, kisha zimerundikana ndani ya uwazi wake pamoja na mabaki ya seli. Hilo ndilo jipu la kripti. Seli za ute zimekwisha, bomba limeanza kugawanyika matawi. Chini ya kripti, juu kidogo ya msuli mwembamba, kuna mkeka wa seli plazma, zile zinazotengeneza kingamwili. Mkeka huo ni dalili ya mapema na ni ya thamani sana: maambukizi ya siku chache huleta nutrofili lakini kwa kawaida hayaleti mkeka wa seli plazma chini ya kripti wala matawi.

Seli plazma zenyewe zinabadilika pia. Kawaida nyingi ni za IgA, kingamwili inayofunga bakteria kimyakimya bila kuita vurugu. Kwenye mchochota uwiano wa IgG unapanda. IgG iliyokamata bakteria inashikwa na vipokezi vya makrofaji, na makrofaji inaamka.

Kuhusu granuloma, fundo la makrofaji zilizoshikamana: ukiiona mbali na kripti iliyopasuka inakusogeza kwenye Crohn, ila ukikosa hujaiondoa, kwa sababu biopsi nyingi za Crohn hazina granuloma. Na granuloma kubwa, zilizoungana, zenye kitovu kilichooza kama jibini, hasa pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, ni kifua kikuu cha utumbo mpaka ithibitishwe vingine. Hapa kosa la kusoma slaidi linaweza kuua, kwa sababu dawa atakayopewa mgonjwa ni ya kuzima TNF.

---

Makrofaji_Mtulivu

Swali la pili linanigusa, kwa sababu makrofaji ndiyo seli inayopuuzwa kuliko zote kwenye mada hii.

Makrofaji ya utumbo wenye afya ni kiumbe cha ajabu. Inameza bakteria na kumuua vizuri kabisa, lakini haipigi kelele. Mpe lipopolisakaridi, sumu ya ukuta wa bakteria ambayo ingemfanya ndugu yake wa kwenye damu amwage TNF papo hapo, yeye hatoi karibu chochote. Kwenye alama za juu ya seli, CD14 ni kidogo, HLA-DR ni nyingi, CD206 na CD163 zipo.

Utulivu huo si wa kuzaliwa. Sehemu kubwa ya makrofaji hizi hutoka kwenye monositi, seli nyeupe za damu zinazogeuka makrofaji, zinazoingia utumboni kila siku na kufundishwa hapo hapo, na mwalimu mkuu ni IL-10 pamoja na TGF-β. Hapa ndipo ugonjwa unapopata mlango: kwenye mchochota monositi zinaingia kwa wingi na mafunzo yanakatika njiani. Zinabaki na CD14 nyingi, zinatoa TNF, IL-1β, IL-6 na IL-23. Kwa hiyo IL-23 aliyoieleza Kinga_ya_Utando, mtoaji wake mkuu ni monositi ambayo haijamaliza kukomaa.

Ushahidi mzito wa IL-10 ni watoto wachanga. Mwaka 2009 yalielezwa mabadiliko kwenye jeni za kipokezi cha IL-10, IL10RA na IL10RB: kolaitisi kali ndani ya miezi ya kwanza ya maisha, fistula (njia zisizo za kawaida) kuzunguka njia ya haja kubwa, dawa za kawaida hazishiki. Kinachowaponya ni kupandikizwa seli mama za damu, kwa sababu kasoro iko kwenye seli za kinga zenyewe. Panya waliofutiwa kipokezi hicho kwenye makrofaji tu, seli nyingine zote zikiwa nzima, nao wanapata kolaitisi. Kwa upande mwingine, panya wasio na IL-10 wakilelewa bila bakteria yoyote utumboni hawaugui. Vitu viwili vinahitajika pamoja: bakteria, na makrofaji isiyosikia amri ya kutulia.

Sasa TNF. Inapatikana kwa sura mbili: inayoelea, na iliyoshikilia juu ya ngozi ya seli. Makrofaji zenye CD14 nyingi zinabeba ile iliyoshikilia, na seli T ikija kugusana nayo kupitia kipokezi TNFR2 inapata ujumbe wa "usife". Ndiyo maana seli T zinarundikana kwenye tishu bila kuisha. Infliximab na adalimumab zinaishika vizuri TNF iliyo juu ya ngozi na kukata ujumbe huo. Seli T zinakufa kwa apoptosisi, kifo cha seli kilichopangwa. Etanercept ni kipokezi bandia kinachonasa vizuri TNF inayoelea lakini kinashika kwa ulegevu ile ya juu ya ngozi. Ilipojaribiwa kwenye Crohn, miligramu 25 mara mbili kwa wiki, matokeo ya 2001 hayakutofautiana na dawa bandia.

---

Kinga_ya_Utando

Nakubaliana na Makrofaji_Mtulivu ila naweka alama moja pembeni ili darasa lisije likakwama. Certolizumab, dawa nyingine ya kuzuia TNF, haina mkia wa Fc (sehemu ya kingamwili inayoshikwa na seli za kinga), haileti apoptosisi kwenye majaribio ya maabara kama infliximab, na bado ina faida fulani kwenye Crohn. Kwa hiyo apoptosisi ya seli T ni maelezo mazuri, lakini si yote. Kushika TNF ya juu ya ngozi ndiko kunakobaki kuwa tofauti ya pamoja kati ya dawa zinazofanya kazi na etanercept.

---

Mchunguzi_Tishu

Ahsanteni sana. Hili la monositi isiyomaliza kukomaa litabadilisha mchoro wangu wote.

Bado seli T dhibiti. Pia tuna mpango wa kuwaonyesha wanafunzi seli hizi kwa flosaitometri (kuhesabu seli kwa alama zenye rangi) kutoka kwenye biopsi. Majaribio ya awali yanatoa limfosaiti vizuri lakini makrofaji karibu hazipo na nutrofili ni sifuri. Hatua zinazotumika: EDTA (ya kulegeza safu ya juu), kolajenasi (kimeng'enya cha kuyeyusha tishu), kisha Percoll (kimiminika cha kutenga seli kwa uzito) asilimia 40 na 80. Kosa liko wapi? Na vedolizumab, dawa ya kuzuia seli T kuingia utumboni, kwa nini inachelewa hivyo?

---

Benchi_la_Flo

Kosa lako kubwa liko kwenye Percoll. Kati ya 40 na 80 unavuna limfosaiti. Makrofaji nyingi na nutrofili zinapotea kwenye hatua hii. Ukitaka seli zote, acha Percoll kabisa. Rangi ya kutenga seli mfu na CD45, alama ya seli nyeupe, zitakusafishia uchafu wakati wa kuchambua.

Mtiririko unaoshika, kwa biopsi 6 hadi 8:

Chukua kwenye ukingo wa kidonda, usichukue katikati. Katikati ni usaha na tishu iliyokufa. Chukua pia sehemu tulivu ya mgonjwa huyohuyo, na usilinganishe utumbo mwembamba wa huyu na mpana wa yule: hata kwa wazima mgawanyo wa seli unatofautiana kwa mahali. Weka kwenye RPMI (kimiminika cha kuhifadhi seli) juu ya barafu, anza kazi ndani ya saa moja au mbili.

Kuondoa ute na safu ya juu: HBSS (maji ya chumvi ya maabara) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, EDTA milimola 2, DTT milimola 1, nyuzi 37, kutikisa dakika 15, mara mbili. Usimwage kimiminika hicho kabla ya kufikiri: ndimo zilimo limfosaiti za ndani ya safu ya juu, pamoja na gamma-delta ambazo mada hii imeanza nazo.

Kisha suuza. Hatua hii ndiyo watu wanairuka na ndiyo inayoharibu siku nzima. Kolajenasi inahitaji kalsiamu ili ifanye kazi, DNase inahitaji magnesiamu, na EDTA inazinyakua zote mbili. Ukibakiza EDTA, baada ya dakika 45 utakuta vipande vya nyama viko vilevile kama ulivyoviweka, na utailaumu kolajenasi bure. Suuza mara mbili kwa RPMI kamili, dakika 5 kila mara.

Kumeng'enya: kolajenasi aina ya IV miligramu 1 kwa mililita na DNase I miligramu 0.1 kwa mililita, ndani ya RPMI, nyuzi 37, dakika 30 hadi 45, ukinyonya na kusukuma kwa pipeti kila dakika 10. Kimiminika kikivutika kama kamasi, seli zimepasuka na kumwaga DNA. Ongeza DNase kabla ya kuendelea, la sivyo seli zako zitanasa humo na kubaki kwenye chujio. Chuja kwa mikroni 100, kisha 40. Zungusha kwenye sentrifuji 400 g, dakika 10, nyuzi 4.

Epuka dispasi na tripsini kama unatafuta alama za juu ya seli T. Zinakata baadhi ya alama na utasoma "hasi" isiyo ya kweli. Kipimo cha kujilinda ni rahisi: chukua seli nyeupe za damu, gawa mafungu mawili, moja lipitishe kwenye kimeng'enya kwa muda uleule, linganisha alama. Alama iliyoshuka kwenye damu usiiamini kwenye biopsi.

Nutrofili: chambua siku hiyohiyo. Hazivumilii kugandishwa, na hata zikikaa saa kadhaa kwenye mrija zinaanza kufa. Makrofaji nazo zinashika plastiki. Tumia mirija ya polipropilini na usiziache nyuzi 37 bila kutikisa. Zuia vipokezi vya Fc kabla ya kuweka kingamwili zenye rangi, kwa sababu makrofaji itashika kingamwili yoyote. Na weka mrija usio na rangi kabisa: makrofaji na eosinofili zinang'aa zenyewe, na mng'ao huo umeshawahi kugeuzwa "kundi jipya la seli" kwenye ripoti zaidi ya moja.

Ukitaka kupima saitokini, amsha seli na uzifungie saitokini ndani: PMA nanogramu 50 kwa mililita, ionomisini mikrogramu 1 kwa mililita, brefeldini A mikrogramu 10 kwa mililita, saa 4. PMA inaishusha CD4, kwa hiyo tenga kwa CD3 chanya na CD8 hasi badala ya kuisaka CD4.

Sasa seli T dhibiti. Macho yako hayakudanganyi: kwenye damu ya wagonjwa zinapungua, kwenye tishu yenye mchochota zinaongezeka. Ila kabla hujahesabu, kumbuka seli T yoyote ya binadamu ikiamshwa inaweza kuonyesha FOXP3, alama ya seli dhibiti, kwa muda bila kuwa dhibiti. Kwa hiyo usihesabu kwa FOXP3 peke yake. Ongeza CD25 ya juu na CD127 ya chini. Ukitaka uhakika kamili, pima kuondolewa kwa metili kwenye eneo husika la jeni ya FOXP3.

Ukishachuja hivyo, bado zinabaki nyingi, na ukizitoa na kuzijaribu kwenye bakuli la maabara zinazuia wenzao vizuri. Tatizo liko upande wa anayezuiwa. Seli T za mgonjwa zina Smad7 nyingi, protini inayokata ujumbe wa TGF-β ndani ya seli. Breki ipo, mguu uko juu ya breki, waya umekatwa. Ongeza IL-6 na IL-23 kwenye mazingira, na seli hizo zinazidi kutosikia.

Lakini usiwaahidi wanafunzi tiba rahisi hapo. Dawa ya kupunguza Smad7, mongersen, ilileta matumaini makubwa kwenye awamu ya pili mwaka 2015 na jaribio la awamu ya tatu likasimamishwa 2017 kwa kukosa manufaa.

---

Daktari_wa_Utumbo

Nijibu la vedolizumab, kisha nionyeshe jinsi seli hizi zinavyoamua dawa.

Seli T haifiki utumboni kwa bahati. Kwenye tezi za limfu za utumbo, seli dendritiki zenye CD103 zinageuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, na asidi hiyo inaiwekea seli T anwani: integrini α4β7. Mishipa midogo ya utumbo ina kitasa kinacholingana, MAdCAM-1. Vedolizumab inafunika α4β7, kwa hiyo seli mpya haziingii. Natalizumab ilifunika kila kitu chenye α4, ikiwemo α4β1 inayoelekea kwenye ubongo, ndiyo maana ikaleta ugonjwa mbaya wa ubongo wa virusi vya JC.

Ucheleweshaji unatokana na waliokwisha kuingia. Seli T za kumbukumbu zenye CD69 na CD103 zinakaa ndani ya tishu kwa muda mrefu bila kurudi kwenye damu, na vedolizumab haina la kuzifanya. Inabidi usubiri zipungue zenyewe. Kipimo ni miligramu 300 kwa dripu wiki ya 0, 2 na 6, halafu kila wiki 8. Usiihukumu wiki ya 6. Kolaitisi ya vidonda ipe mpaka wiki ya 10, Crohn mpaka 14, na kwa Crohn isiyojibu dozi ya nyongeza wiki ya 10 inaweza kusaidia. Mgonjwa aliyezidiwa sana leo anahitaji kitu cha kumvusha, mara nyingi steroidi, huku akisubiri.

Dawa za TNF zikishindwa, pima kabla ya kubadili. Chukua damu muda mfupi kabla ya dozi inayofuata ya infliximab. Kiwango chini ya mikrogramu 5 kwa mililita, bila kingamwili dhidi ya dawa: dawa haitoshi, ongeza dozi au sogeza karibu vipindi. Kiwango cha chini pamoja na kingamwili nyingi: mwili unaifuta dawa, hamia dawa nyingine ya kundi hilo na fikiria kuongeza azathioprine. Kiwango kizuri na mchochota bado unawaka: hapo TNF siyo inayoendesha. Kwenye tishu za wagonjwa wa namna hii zimeonekana seli T zenye TNFR2 na kipokezi cha IL-23 kwa pamoja, ambazo hazifi hata TNF ikifungwa. Kuwabadilishia kutoka infliximab kwenda adalimumab ni kupoteza miezi ya mtu. Badili njia: IL-23, integrini, au vizuizi vya JAK, kimeng'enya kinachopitisha ujumbe wa saitokini.

Kabla ya dozi ya kwanza ya dawa ya TNF: picha ya kifua, kipimo cha kifua kikuu kilichojificha, HBsAg na kingamwili ya kiini cha homa ya ini B. TNF ndiyo inayoshikilia granuloma isifunguke. Ukiizima, bakteria waliofungiwa miaka mingi wanatoka. Fanya kipimo kabla ya kuanza prednisolone, kwa sababu steroidi zinazizima seli T na kipimo cha interferoni kinaweza kutoka bila jibu. Kifua kikuu kilichojificha kikipatikana, anza dawa za kinga na usubiri angalau wiki 3 hadi 4 kabla ya kuanza dawa ya TNF.

Kufuatilia: kalprotektini kwenye kinyesi. Ni protini ya nutrofili, karibu asilimia 60 ya protini zilizo kwenye saitoplazimu yake, kwa hiyo unahesabu nutrofili zilizovuka ukuta bila kuingiza kamera. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ni tulivu, juu ya 250 kuna moto, katikati rudia baada ya wiki chache. Tumia kinyesi cha kwanza cha asubuhi na kifaa cha kipimo cha aina ileile kila mara, maana vifaa vya watengenezaji tofauti havitoi namba zinazolingana. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac zinaipandisha, kuhara kwa maambukizi kunaipandisha. Uliza hayo kabla ya kubadili dawa ya mtu.

---

Mchunguzi_Tishu

Nimefuta mstari ule na kuchora upya: ukuta katikati, monositi inayofundishwa upande mmoja, Th17 yenye njia mbili upande wa pili. Percoll imetolewa kwenye orodha. Moja la mwisho kwa Benchi_la_Flo: tukipunguza muda wa kolajenasi hadi dakika 20 ili kuokoa nutrofili, tutapoteza nini?

---

Benchi_la_Flo

Utapoteza makrofaji na seli plazma, ambazo zimejishikiza kwenye nyuzi za tishu na hutoka mwisho. Limfosaiti zitatoka mapema, na uwiano utaonekana kama mgonjwa ana seli T tele na makrofaji chache. Gawa badala ya kufupisha: dakika 20, vuna kilichotoka na kiweke kwenye barafu, ongeza kimeng'enya kipya kwenye vipande vilivyobaki, dakika 20 tena, kisha changanya mavuno mawili kabla ya kuweka rangi. Na kama baadaye mtataka kusoma jeni za seli moja moja, jueni nyuzi 37 zenyewe zinawasha jeni za msukosuko kama FOS na JUN. Zikionekana juu kwenye kila aina ya seli, chanzo ni bakuli lenu, si ugonjwa.